Mswaki ni sunna, na gego la mtoto lina haki ya kuzibwa kabla halijaoza

SHUKRANI zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola aliyetupa kinywa cha kulia riziki yake na cha kulitajia jina lake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ambaye miongoni mwa mambo aliyoyahimiza sana ni usafi wa kinywa hicho.

Ndugu msomaji, leo tuzungumzie jambo ambalo katika nyumba nyingi halizungumzwi mpaka usiku mtoto anapoanza kulia huku ameshika shavu. Ni habari ya magego ya watoto. Mzazi Mwislamu aliyejitahidi kumfundisha mwanawe kupiga mswaki amefanya jambo kubwa, na malipo yake yako kwa Allah. Lakini kazi bado haijaisha. Kuna sehemu juu ya gego ambayo mswaki hauingii, uwe wa mti au wa dukani. Sehemu hiyo ina kinga yake, nayo ni kuzibwa kabla haijaoza. Kinga hiyo haina sindano wala kuchoronga, inajulikana kwa zaidi ya miaka 50, na wengi wetu hatujawahi hata kuiulizia.

Gego linaloota bila hodi

Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni. Afikapo miaka sita hivi, meno ya mbele huanza kulegea, na nyumba nzima hujua. Jino linatikiswa, linatoka, linarushwa juu ya paa, na mtoto anataniwa kwa pengo lake. Katika umri huo huo, kimya kimya, magego manne makubwa huota nyuma kabisa ya meno ya utotoni, mawili juu na mawili chini. Magego haya hayachukui nafasi ya jino lolote lililong'oka. Hakuna pengo, hakuna jino linalolegea, na mara nyingi hakuna malalamiko. Mzazi akichungulia kinywani huyahesabu pamoja na meno ya utotoni, kisha hujisemea kuwa yote hayo yatatoka na yatakuja mengine.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Magego hayo manne ni meno ya kudumu. Mtoto atayatumia kutafuna akiwa kijana, akiwa mzazi, na Allah akimjaalia umri, akiwa babu au bibi. Likitoka moja, hakuna jingine linalokuja mahali pake. Magego mengine manne ya kudumu huota kati ya miaka 11 na 13, nayo hupita katika hatari ile ile.

Gego jipya halitoki kwa siku moja. Huchukua miezi kadhaa kupanda mpaka lilingane na mengine. Muda wote huo liko chini kidogo kuliko jino la jirani, kwa hiyo mswaki hupita juu yake bila kuligusa. Na gamba lake la nje, likiwa ndio kwanza limetoka, bado halijakomaa kama la jino la mtu mzima. Ndio maana meno mengi ya kudumu yanayooza utotoni ni haya ya nyuma. Kwa hesabu za kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kati ya kila mashimo 10 katika meno ya kudumu ya watoto, 9 yako kwenye magego.

Kwa nini mswaki haufiki

Chukua tochi, mwambie mtoto afungue kinywa, utazame sehemu ya juu ya gego lake. Utaona si bapa kama ubao. Ina vilima, mabonde na mifereji. Baadhi ya mifereji hiyo ni myembamba kuliko unyuzi mmoja wa mswaki. Kwa juu unauona kama mstari, lakini ndani unaweza kuzama karibu na mwisho wa gamba gumu la jino. Chakula na vijidudu vinaingia, mswaki hauingii.

Vijidudu hivyo vinaishi katika ukoga, ule utando unaonata juu ya meno. Mtoto akila kitu cha sukari, vijidudu navyo vinakula, na kinachobaki ni tindikali. Tindikali hiyo hulainisha gamba la jino kwa muda wa nusu saa hivi, mpaka mate yaisafishe na kurudisha madini yaliyopotea. Mtoto akila pipi moja akatulia, mate hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Mtoto akinunua pipi asubuhi, barafu ya rangi saa nne, ubuyu akienda madrasa, kashata akirudi, na soda jioni, jino halipati mapumziko. Kwa hiyo tatizo si wingi wa sukari peke yake, ni pia idadi ya mara ambazo mtoto anakula sukari kwa siku.

Hapa tusieleweke vibaya. Mtume (s.a.w) ametueleza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a), kwamba lau si kuchelea kuutia uzito umma wake, angewaamrisha kupiga mswaki katika kila swala. Hakuna tiba ya kisasa inayoiondoa sunna hiyo. Mswaki husafisha pande za meno, ufizi na sehemu zote unazofika, na dawa ya meno yenye floridi huliimarisha gamba la jino. Tunachosema ni kwamba mfereji ambao unyuzi hauingii hautasafishika kwa bidii wala kwa nia njema. Huo unahitaji kufunikwa.

Kinga yenyewe ni nini

Madaktari wa meno huiita silanti. Ni utomvu mwepesi unaomiminwa juu ya gego zima, ukaingia katika mifereji yake, kisha ukagandishwa ukawa mgumu. Kazi yake inafanana na ya fundi anayeziba nyufa za sakafu kabla maji hayajapenya. Uchafu hauna tena pa kujificha, na mswaki unapopita juu unasafisha jino lote.

Utaratibu wake ni mfupi. Daktari husafisha gego, hulitenga na mate kwa pamba, halafu hulipaka tindikali maalumu kwa muda usiofika dakika moja ili gamba liwe na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Husuuza, hukausha, hupaka silanti, kisha huimulika kwa taa ya mwanga wa buluu mpaka igande. Hakuna ganzi na hakuna mashine ya kuchoronga. Dakika chache kwa kila jino, na mtoto hurudi darasani siku hiyo hiyo.

Wazo la kutumia tindikali hiyo lilitoka kwa daktari wa meno Michael Buonocore wa Rochester, New York, aliyelichapisha mwaka 1955. Alikuwa amegundua kuwa viwandani chuma hupakwa tindikali ya aina hiyo ili rangi ishike vizuri, akajiuliza kwa nini isiwe hivyo kwa jino. Mwaka 1967 yeye na mwenzake E. I. Cueto wakatoa taarifa ya kwanza ya kuziba mifereji ya magego kwa njia hiyo. Kwa hiyo anayedhani hili ni jambo la majaribio la jana na juzi, na ahesabu mwenyewe miaka.

Je, inasaidia kwa kiasi gani? CDC inasema silanti huzuia asilimia 80 ya mashimo katika magego kwa miaka miwili ya mwanzo, na huendelea kuzuia asilimia 50 mpaka miaka minne. Taarifa yake ya mwaka 2016 ilieleza kuwa watoto wa shule wasiowekewa wana karibu mara tatu zaidi ya mashimo katika magego ya kwanza kuliko waliowekewa. Ukiiangalia mifuko yetu, kuzuia nusu tu ya mashimo ni kuondokana na usiku mwingi wa kilio na nauli nyingi za kwenda kung'oa.

Somo lililoanzia Dar es Salaam

Atakuwepo atakayesema kuwa haya ni mambo ya watu wenye umeme wa uhakika na viti vya umeme vya daktari. Ndugu zangu, hoja hiyo ilijibiwa hapa hapa nyumbani.

Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken, akifanya kazi na skuli ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza njia ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono tu. Sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa kijichuma bila mashine, kisha jino huzibwa kwa simenti maalumu ya meno inayonata yenyewe na inayotoa floridi kidogo kidogo. Simenti hiyo hiyo hutumika pia kufunika mifereji ya gego ambalo halijaoza. Daktari huiweka juu ya gego, akaishindilia kwa kidole chenye glavu kilichopakwa mafuta ili iingie ndani. Haihitaji taa ya buluu wala umeme. Meza ya darasani inaweza kuwa kitanda.

Njia hii ilisambaa nchi nyingi, na Shirika la Afya Duniani likaipigia debe katika Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994, iliyohusu afya ya kinywa. Mwaka 2021 shirika hilo likaiingiza simenti ya aina hii, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Ni ajabu basi kwamba njia iliyozaliwa Dar es Salaam mzazi wa Dar es Salaam hajaisikia. Simenti hii hutoka mapema kuliko utomvu, hilo ni kweli. Lakini palipo na mate mengi, au gego ambalo bado halijapanda vizuri, au kijiji kisicho na umeme, ni bora mara nyingi kuliko kukaa bila kitu.

Hoja za wanaosita

Wapo wanaosema kuwa kufunika jino ni kubadili maumbile ya Allah. Hofu hii inatokana na uchaji, na tunaiheshimu. Lakini makemeo yaliyokuja katika hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a) kuhusu meno yanawahusu wanaochonga meno kutengeneza mwanya kwa ajili ya urembo. Tiba ni mlango mwingine. Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a) alipoteza pua yake vitani, akajiwekea ya fedha, ikawa inatoa harufu, na Mtume (s.a.w) akamwelekeza aweke ya dhahabu. Wapokezi wake ni Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Wanazuoni wakaitegemea hadithi hiyo katika kuruhusu kufunga meno kwa dhahabu kwa haja ya tiba. Ikiwa dhahabu, ambayo asili yake ni haramu kwa wanaume, imeruhusiwa kwa haja, basi utomvu wa kufunika gego la mtoto lisioze hauna ugumu.

Wengine huuliza kuhusu udhu na josho. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu pwani hii tunaifuata, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho. Kwa Mahanafi kusukutua ni faradhi katika josho la janaba, lakini wanazuoni wao wameeleza kuwa kilichoshikizwa katika jino kwa tiba, kisichotoka ila kwa madhara, hakiharibu josho. Hali kadhalika funga. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilieleza kuwa kuziba jino, kung'oa na kusafisha meno havibatilishi swaumu maadamu mtu hakumeza kitu. Mwenye shaka zaidi amuulize sheikh wake, lakini amuulize kabla jino halijaoza.

Wapo pia wanaouliza kama utomvu una kitu cha nguruwe. Utomvu huu hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, si kwa mafuta ya mnyama. Baadhi yake huacha chembe ndogo mno za kemikali iitwayo BPA mara baada ya kupakwa. Chama cha madaktari wa meno wa Marekani kimepima na kueleza kuwa kiasi hicho ni kidogo kuliko tunachokipata katika vitu vya kila siku. Mwenye wasiwasi anaweza kumwomba daktari apanguse jino vizuri baada ya kumaliza, au atumie ile simenti.

Hoja ya mwisho ni fedha, na hii si ya kudharauliwa. Bei hutofautiana kati ya kliniki na kliniki, kwa hiyo uliza kabla. Lakini weka na upande wa pili wa mizani. Gego likishatoboka, mtoto huacha kutafuna upande mmoja. Akisukutua kwa maji baridi wakati wa udhu, anaruka kwa maumivu. Halali, na asubuhi anasinzia darasani. Usaha ukianza, shavu linavimba, na uvimbe wa taya ukishuka shingoni unaweza kuhatarisha maisha. Kisha ama jino linang'olewa, mtoto wa miaka tisa akabaki na pengo la maisha, ama linatibiwa mzizi kwa safari kadhaa za hospitali. Katika nyumba zetu tumezoea kumwendea daktari wa meno tukiwa tayari tumeamua: ng'oa. Mazoea hayo ndiyo ya ghali.

Tusiisifu kupita kiasi

Uadilifu unatutaka tuseme na mipaka yake. Silanti hulinda sehemu ya juu ya gego. Hailindi katikati ya jino na jino, wala pembeni mwa ufizi. Haitoi ruhusa ya kula pipi. Inaweza kubanduka, kwa hiyo daktari aiangalie kila mtoto anapokwenda kupimwa, na ikibanduka irudishiwe. Gego ambalo tayari lina shimo kubwa lina tiba nyingine. Wala si watoto wote wenye haja sawa. Anayetangulia ni yule ambaye meno yake ya utotoni yameshaanza kuoza, au mwenye mifereji mirefu, au anayekula sukari mara kwa mara. Daktari mzuri atakueleza mwanao yuko wapi, na akikwambia huyu bado hahitaji, mshukuru.

Nini kifanyike

Kwanza nyumbani. Mtoto akitimiza miaka sita, mzazi amchungulie kinywani kwa tochi kila mwezi. Ukiona gego jipya nyuma ya yote, hiyo ndiyo saa ya kwenda kliniki ya meno, hata kama haliumi. Muulize daktari maneno haya: je, magego haya ya kudumu yanafaa kuzibwa mifereji kwa kinga? Usingoje akwambie yeye, kwa kuwa pengine foleni ya wanaokuja kung'oa imemlemea. Rudi tena kwa magego ya pili mtoto akifika miaka 11 au 12.

Pili, mswaki uendelee. Mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya njegere kwa mtoto wa miaka mitatu mpaka sita, na mzazi amsaidie mpaka afike miaka saba au minane. Gego linalopanda lisuguliwe kwa kuuweka mswaki upande upande, kutokea shavuni. Kitamu kiliwe pamoja na chakula, kisiwe cha kutafunwa mchana kutwa.

Tatu, na hili ndilo tunalolitilia mkazo, ni wajibu wa madrasa na kamati za misikiti. Watoto wa miaka sita mpaka kumi na mbili, umri wote wenye hatari hii, tunao katika vyuo vyetu karibu kila siku. Hakuna hospitali yenye bahati hiyo. Kamati inayoweza kuandaa Maulidi, na inayoweza kukusanya futari ya mtaa mzima, inaweza kuwaalika mara moja kwa mwaka madaktari wa meno, Waislamu na wasio Waislamu, wakawapima watoto kwa idhini ya wazazi, wakawafunika wanaohitaji kwa simenti ile isiyotaka umeme, na wakawaandikia wengine waende kliniki. Wenye uwezo wachangie kwa ajili ya mayatima na watoto wa wasiojiweza, kwani ni sadaka ambayo mtoto atatembea nayo kinywani kwa miaka. Awe daktari mwenye leseni, si fundi wa mitaani. Na siku hiyo hiyo kamati itazame ni nini kinauzwa mlangoni mwa madrasa.

Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Miongoni mwa tulivyokabidhiwa ni mwili wa mtoto ambaye hawezi kujisemea, hajui kuwa gego lake jipya ndilo la mwisho, na anatutegemea sisi tumjulie. Tumempa mswaki, alhamdulillah. Tumalizie amana.

Allah (s.w) atuhifadhie watoto wetu na atujaalie kuwa wenye kutanguliza kinga. Amin.